Damu ya Ngamia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na watu wa kila aina hapa Nairobi: wanafunzi wa kidato cha tatu wanaosoma mzunguko wa damu, wateja wa maziwa ya ngamia Eastleigh, vijana wa maabara wanaopokea sampuli kutoka Isiolo na Marsabit, na wazazi waliobanwa na mtoto aliyerudi kutoka maonyesho ya Jamhuri akitaka kujua mambo. Wengi huanza kwa kuuliza ngamia anavumiliaje kiu. Ni swali zuri, lakini kwa upande wa damu kuna siku ngumu kuliko zote za kiu, nayo ni siku anayofika kisimani. Majibu mengi hapa chini yanazunguka siku hiyo.

Chembe nyekundu za damu ya ngamia zina tofauti gani na zangu?

Tuanze na umbo. Chembe nyekundu za binadamu, ng'ombe, mbuzi, paka na karibu mamalia wote ni za duara, tena zimebonyea katikati pande zote mbili. Za ngamia ni duaradufu, bapa, nyembamba, wala hazina mbonyeo huo. Urefu wake ni takriban mikromita 8 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na upana karibu 4, na unene unazidi mikromita 1 kidogo tu. Yako ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8 na unene wa karibu 2. Ukipima ujazo, chembe ya ngamia ni kama nusu ya yako, au hata pungufu.

Udogo huo hulipwa kwa wingi. Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima ina chembe nyekundu kati ya milioni 4 na 6. Ya ngamia mara nyingi huwa na milioni 7 hadi 11. Ndani ya kila chembe, himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, nayo imesongamana kuliko yetu. Kwa hiyo usidhani mnyama huyu ana upungufu wa kubeba oksijeni kwa kuwa chembe zake ni ndogo.

Nimesikia chembe zake zina kiini, kama za kuku. Ni kweli?

Hapana. Ndege, vyura, samaki na mijusi wana chembe nyekundu za duaradufu zenye kiini katikati, na hapo ndipo watu huchanganya mambo. Ngamia ni mamalia. Chembe yake ikikomaa hutupa kiini kama yako inavyofanya.

Kunywa maji kunawezaje kuwa hatari kwa damu?

Maji hupenya utando wa chembe yakielekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Katika hali ya kawaida pande mbili zinalingana: majimaji ya damu yana nguvu ya chumvi sawa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na ndani ya chembe nguvu ni hiyo hiyo, basi hakuna anayevuta mwenzake. Sasa mwaga maji matupu kwenye majimaji hayo ya nje. Yanazimuka, na maji yanaanza kuingia ndani ya chembe. Chembe inavimba kama maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha, na yakizidi kuingia, ngozi yake inapasuka. Himoglobini humwagika nje, na huko nje haina kazi yoyote zaidi ya kuzisumbua figo.

Si nadharia ya darasani. Madaktari wa mifugo wanaijua hali hii kwa ndama: ndama aliyekosa maji kwa muda mrefu, kisha akaachiwa birika lililojaa, anaweza baada ya saa chache kukojoa mkojo mwekundu. Ile rangi si damu ya jeraha. Ni himoglobini ya chembe zilizopasuka, inayopita kwenye figo.

Sasa mfikirie ngamia mkubwa aliyekaa wiki nzima au zaidi bila maji. Akifika kisimani anaweza kunywa lita 100 katika muda wa dakika 10 hivi. Ni mitungi mitano ile ya manjano ya lita 20, ambayo mtaani hapa ingekutembeza kwa muuza maji kutwa. Maji hayo hupita tumboni, huingia kwenye damu, na damu huzimuka. Chembe za ngamia huvimba zikaendelea kuvimba. Zinaweza kufikia takriban asilimia 240 ya ujazo wake wa kawaida bila kupasuka, ilhali za wanyama wengine wengi hupasuka zikikaribia asilimia 150.

Maabara jambo hili hupimwa kwa maji ya chumvi. Chembe za binadamu huanza kupasuka chumvi ikishuka chini ya asilimia 0.5 hivi. Ukishusha hadi 0.3 karibu zote zimekwisha, na mrija umegeuka mwekundu unaopitisha mwanga. Kwenye mrija wa pili, wenye damu ya ngamia na chumvi hiyo hiyo ya 0.3, nyingi bado ni nzima.

Kwa hiyo umbo la duaradufu ndilo linalomwokoa?

Hivi ndivyo linavyofundishwa, na ni jibu la nusu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapopendeza.

Kwanza hesabu ya maumbo. Kwa eneo lile lile la ngozi, tufe ndilo umbo linalobeba ujazo mkubwa kuliko yote. Chembe iliyo bapa ina ngozi ya ziada: inaweza kujaa ikaelekea kuwa tufe bila kuvuta utando wake. Chembe yako nayo ina ziada hiyo, ndiyo maana haipasuki kwa tone moja la maji. Ila ya ngamia ni ndogo na nyembamba, kwa hiyo ngozi yake ni kubwa zaidi ukilinganisha na kilichomo ndani. Nafasi ya kuvimba ni pana.

Lakini nafasi peke yake haitoshi. Utando wenyewe umejengwa tofauti. Utando wa chembe yoyote ni mafuta na protini. Katika chembe ya binadamu viwili hivyo havipishani sana kwa uzito. Katika ya ngamia protini ni karibu mara tatu ya mafuta. Chini ya utando kuna wavu wa protini iitwayo spektrini, nao kwa ngamia umeshikana na utando kwa uthabiti kiasi kwamba njia zinazobandua wavu huo kwa urahisi kwenye chembe za binadamu hazifanikiwi sana hapa. Matokeo yake ni chembe ngumu kidogo. Chembe yako ikipitia mshipa mwembamba hujikunja na kurefuka; ya ngamia hainyumbuki hivyo, yenyewe hugeuka ikaelekeza urefu wake upande damu inakokwenda, ikapita.

Halafu kuna llama. Llama, alpaka, vikunya na guanako wa Amerika Kusini ni jamaa wa ngamia, na wote wana chembe za duaradufu zinazostahimili kuvimba. Vikunya huishi kwenye milima ya Andes, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, ambako shida ni baridi na uhaba wa oksijeni. Isitoshe, ukoo mzima wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, na mabaki ya ngamia mkubwa wa miaka milioni 3.5 hivi yamepatikana kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali palipokuwa msitu wenye majira marefu ya baridi. Kama jamaa wa jangwani na jamaa wa milimani wote wana chembe hizi, maelezo mepesi ni kwamba walizirithi kwa babu mmoja kabla hawajaachana. Mimi nasema hivi: jangwa halikuliumba umbo hili, lililikuta. Faida anayoipata ngamia kisimani Maikona, kule Marsabit, ni ya kweli, ila haituambii umbo lilianza kwa ajili ya nini. Mwanafunzi akiandika kwenye mtihani "ngamia alipata chembe za duaradufu ili aishi jangwani" atapewa alama, na mimi nitanung'unika kimya.

Na wakati wa kiu kwenyewe, damu inafanya nini?

Mtu anayekauka hupoteza maji kwenye damu yake mapema. Damu inakuwa nzito, moyo unahangaika kuisukuma, na joto la ndani linashindwa kufikishwa kwenye ngozi litoke. Joto la mwili hupanda ghafla, na mtu hufa. Kwenye joto kali, kupoteza maji yafikiayo asilimia 12 hivi ya uzito wa mwili tayari ni mahali pa mauti. Ngamia hupoteza asilimia 25, hata 30, na bado anatembea.

Aliyetufungua macho sana hapa ni Knut Schmidt-Nielsen, mwanasayansi mzaliwa wa Norwe, aliyewapima ngamia huko Béni Abbès, Algeria, mwaka 1953 na 1954. Kwa ngamia mmoja mchanga aliyepoteza takriban lita 40 za maji, damu ilipungua kwa chini ya lita moja. Maji yalitoka kwingine, kwenye tishu na tumbo, na damu ikaachwa karibu vile ilivyokuwa.

Chembe zinasaidia pia. Chembe za binadamu au farasi zikitulia hubandikana moja juu ya nyingine. Za ngamia hazina tabia hiyo, kwa hiyo hata damu ikizidi uzito kidogo inaendelea kutiririka. Ongeza hapo uvumilivu wa joto: ngamia mwenye kiu huacha mwili wake upoe hadi nyuzi 34 hivi alfajiri na kupanda hadi karibu 41 alasiri, akiahirisha kutoa jasho. Puani hurudisha sehemu ya unyevu wa pumzi. Figo zake hutoa mkojo mzito sana, na kinyesi chake hutoka kikavu. Damu ni mmoja tu katika kikosi.

Nundu si tangi la maji?

Ni mafuta. Mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa maji, kweli, lakini kuyaunguza kunahitaji oksijeni, na kuvuta pumzi hiyo ya ziada katika hewa kavu hupoteza maji. Nundu ni akiba ya chakula.

Je, mtu akizoea, anaweza kunywa kama ngamia?

Usijaribu. Figo za mtu mzima hutoa takriban lita moja kwa saa. Ukinywa kupita hapo kwa muda, chumvi ya damu inashuka na maji yanaingia kwenye seli za ubongo. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia, na huo ndio unaoua, kabla hata ya chembe nyekundu kupata taabu. Wanaokimbia mbio ndefu wanapaswa kulijua hili.

Mbona basi ngamia walikufa kwenye ukame?

Kwa sababu damu nzuri haijazi tumbo. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, uliua ngamia kaskazini mwa Kenya pamoja na ng'ombe na mbuzi, ingawa ng'ombe ndio walioanza kuanguka. Ngamia anaweza kukaa siku 10 au hata 14 bila kunyweshwa kama bado kuna majani ya kula. Majani yenyewe hubeba maji. Miti ikikauka, na mwendo kati ya malisho na kisima ukirefuka, hakuna chembe ya damu itakayomwokoa. Hata hivyo wafugaji wameshapiga hesabu yao: familia nyingi za Wasamburu na Waborana zilizojulikana kwa ng'ombe sasa zinaongeza ngamia, na sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini.

Ngamia akiletwa kuishi Nairobi, damu yake itabadilika?

Umbo la chembe halibadiliki, ni la urithi. Kinachomtesa Nairobi ni tope, baridi ya Julai, upele wa ngozi na mafua. Maji anayo kila siku, kwa hiyo hanywi kwa pupa. Chembe zake zinabaki na uwezo ambao hautumiki.

Tunakunywa maziwa ya ngamia kila asubuhi. Yataimarisha damu yetu?

Swali la Eastleigh hilo. Kunywa maziwa yake hakubadilishi umbo la chembe zako, na mtu akikuuzia kwa maneno hayo mlipe ya maziwa tu. Maziwa yenyewe ni mazuri: yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe. Jambo la ajabu ni kwamba ngamia anayenyonyesha akipata kiu, maziwa yake huwa mepesi zaidi, yenye maji mengi, na ndama anapata kinywaji wakati mama anakauka. Yachemshe lakini. Homa ya bruselosisi hupita kwenye maziwa mabichi, na maumivu yake ya viungo hudumu miezi.

Kuna watu wanaokunywa damu yenyewe. Haimdhuru ngamia?

Warendile, Wagabra na Waturkana wana desturi ya kumtoga ngamia mshipa na kukinga damu kiasi, mara nyingi wakaichanganya na maziwa, hasa wakati wa njaa. Wasomali na wengine walio Waislamu hawainywi, ni haramu kwao. Mnyama mwenye afya hurudisha kiasi kidogo kilichotolewa, na mfugaji anayejua kazi hachagui aliyekonda wala mwenye mimba. Kwa afya ya mnywaji, tatizo ni lile lile la maziwa mabichi.

Nafanya kazi maabara. Matokeo ya ngamia yananichanganya, nifanyeje?

Karibu kila kitu ulichozoea kwa binadamu kitakuhadaa. Mashine ya kuhesabu iliyopangiwa damu ya watu huona chembe ndogo mno na inaweza kuzihesabu vibaya. Ipangie mnyama husika au hesabu kwa mkono. Ujazo wa chembe zilizoshindiliwa, yaani sehemu ya damu iliyo chembe tupu baada ya kuzungushwa kwenye mashine, kwa ngamia mzima huwa kati ya asilimia 25 na 35 hivi, kiwango ambacho kwa mwanamume kingeitwa upungufu wa damu, na kwa ngamia ni cha kawaida. Chembe hizi ndogo hazishindiliki haraka, kwa hiyo zungusha kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, la sivyo utasoma namba ya juu isiyo ya kweli. Kipimo cha kasi ya chembe kutuama usihangaike nacho: kwa kuwa hazibandikani, zinashuka polepole mno, na utakaa ukiutazama mrija bure.

Chukua damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, itikise polepole, na kama inatoka mbali iweke kwenye baridi bila kuigandisha. Tandaza tone kwenye kioo huko huko malishoni ukiweza. Sampuli iliyosafiri usiku kucha kwenye basi kutoka Marsabit inatoa picha mbaya.

Chembe ngumu namna hii zinapata ugonjwa?

Zinapata, tena vibaya. Adui mkubwa ni surra, unaoletwa na kimelea Trypanosoma evansi. Ni ndugu wa vimelea vya malale, ila huyu hahitaji mbung'o. Nzi wengine wakubwa wanaouma humbeba mdomoni kutoka mnyama hadi mnyama. Ngamia hukonda, nundu hupungua, jike hutupa mimba, na damu hupungua kabisa. Kuna pia bakteria wa jamii ya anaplasma, ambao watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, wamewafuatilia Marsabit kwa ngamia na kwa wale nzi bapa wanaong'ang'ania manyoya yake. Kuvumilia maji mengi hakumaanishi kuvumilia vimelea.

Ukiona ngamia amepauka ufizi na ndani ya kope, mwite daktari wa mifugo apime damu kabla ya dawa. Kuna dawa za malale za ng'ombe ambazo kwa ngamia ni sumu, na duka la dawa za mifugo halitakuonya kila mara.

Ni kweli damu ya ngamia imetoa dawa za binadamu?

Ndiyo, ila sifa si ya chembe nyekundu. Mwaka 1993 timu ya Raymond Hamers wa chuo kikuu cha Vrije huko Brussels ilitangaza kwamba ngamia ana aina ya kingamwili iliyokosa minyororo miepesi, yaani nusu ya vipande tulivyozoea. Kipande chake kinachoshika adui ni kidogo sana na ni kigumu kuharibika. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa kaplasizumabu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kutibu ugonjwa adimu wa damu kugandamana kwenye mishipa midogo. Kingamwili iliyoanzia dawa hiyo ilitoka kwa llama.

Daktari aliniambia mimi nina chembe za duaradufu. Nimekuwa ngamia?

La. Kuna watu wanaorithi kasoro kwenye protini za utando, spektrini ikiwemo, na chembe zao zinakuwa ndefu. Wengi hawaoni dalili yoyote maisha yao yote. Baadhi chembe zao huvunjika mapema, wakawa na upungufu wa damu au macho ya manjano. Kwa ngamia umbo ni dalili ya utando imara. Kwako ni dalili ya utando wenye hitilafu. Endelea na kliniki uliyopangiwa, na maji unywe kwa kiasi cha kawaida.